Kwa nini gari humisi asubuhi, kisha likatulia lenyewe?

Ni Julai, Njombe au Limuru, na gari limelala nje usiku kucha. Ukiliwasha linamisi, yaani silinda moja au zaidi inashindwa kuwasha mafuta: linatikisika, sailensa (kasi ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, ekzosi inatoa mlio wa kukatika. Dakika mbili tatu zikipita, linatulia kabisa. Injini ni ileile na petroli ni ileile, kimebadilika nini?

Kimebadilika joto. Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa ya baridi, sehemu ya petroli inayopulizwa na nozeli hunata kwenye kuta za njia ya hewa na za silinda, kama mvuke wa sufuria unavyonata chini ya mfuniko. Ndiyo maana kompyuta ya injini huongeza petroli kwa makusudi na kupandisha sailensa, mara nyingi kupita mizunguko 1,000 kwa dakika, mpaka injini ipate joto. Tena wakati huo inakadiria tu, kwa sababu sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi haisomi vizuri mpaka ifikie joto la nyuzi 300 hivi.

Katika dakika hizo kila udhaifu hujitokeza. Plagi iliyochakaa au koili iliyochoka (kifaa kinachoipa plagi umeme) hushindwa kuwasha mchanganyiko wa baridi, lakini injini ikipata moto cheche hiyohiyo dhaifu inatosha. Mpira wa hewa uliokakamaa nao huvuja zaidi ukiwa wa baridi.

Anayesahaulika sana ni sensa ya joto la maji ya rejeta. Kwenye Toyota nyingi zenye injini ya 1NZ-FE, kama Vitz na IST, ukinzani wake wa umeme, ambao kompyuta huusoma kama joto, huwa kati ya kilo-omu 2.3 na 2.6 kwenye nyuzi 20, kisha hushuka hadi karibu 0.32 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba maji ni ya moto, kompyuta haiongezi petroli na injini inabaki na njaa. Kuibaini ni rahisi: kabla ya kuwasha gari asubuhi, chomeka mashine ya kupimia (skana) usome joto la maji. Linapaswa kukaribiana na joto la hewa. Nje kukiwa na nyuzi 12 na mashine ikaonyesha 60, umeshampata mhusika.

Jaribio jingine halihitaji hata mashine. Fungua swichi bila kupiga stata, subiri sekunde chache, funga, kisha fungua tena. Katika magari mengi pampu ya mafuta husukuma kidogo kila unapofungua. Ukifanya hivyo mara mbili tatu na gari likawaka laini, presha ya mafuta ilikuwa inavuja usiku.

Angalia na moshi. Mweusi wenye harufu ya petroli humaanisha mafuta yamezidi, pengine nozeli inadondosha. Wa bluu unaokuja unapowasha tu ni oili inayopita kwenye sili za valvu. Mvuke mweupe unaoisha haraka ni wa kawaida kwenye baridi. Ukiendelea huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda hedi ichunguzwe mapema.

Taa ya injini ikiwa imewaka, kodi (namba za hitilafu zinazosomwa kwa skana) P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi. Hamisha koili ya silinda 1 uiweke ya 3. Kodi ikihama kutoka P0301 kwenda P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, fanya hivyohivyo kwa plagi, halafu nozeli. Kipimo hiki ni cha bure, na inaumiza kuona watu wakiuziwa koili nne kwa kubahatisha.

Ila lolote utakalofanya, usimpelekee fundi gari la moto. Ugonjwa huu unaonekana kwenye baridi tu. Liache gereji lilale, aliwashe yeye mwenyewe asubuhi akiwa na vipimo mkononi.

Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima wakati gari linatikisika, usiendeshe. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega (kisafisha moshi, yaani catalytic converter), na masega hayo ni ghali kuliko plagi na koili zote za injini hiyo.