Povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mtu akianguka kifafa asiguswe, maana povu lake likikupata nawe utaugua. Imani hii ni ya miaka mingi, na si ajabu: kumwona mtu akitupa mikono na miguu kunatisha.

Povu lile ni mate tu. Umeme wa ubongo unapovurugika ghafla, misuli hukakamaa, mgonjwa hawezi kumeza, na mate huchanganyika na hewa. Likiwa na damu, huenda amejing'ata ulimi. Chanzo cha kifafa chenyewe chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mara nyingi hakijulikani.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Tazama nyumba yenye mgonjwa: mama amemfuta mwanawe mate miaka nenda rudi, wala yeye haanguki. Au muulize mhudumu wa zahanati iwapo huwatenga wagonjwa wa kifafa kama wa kipindupindu.

Kinachoniuma ni kwamba hofu hii huwaacha watu waungue motoni au wazame majini huku tumesimama pembeni. Msogeze mbali na hatari, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5 bila kutulia, mkimbize hospitali. Dawa zipo, humezwa kila siku, na wengi wanaozitumia vizuri hawaanguki tena.