Usikimbilie kupandisha presha ya kompresa

Simu nyingi ninazopokea kutoka viwandani huku Nyanda za Juu Kusini zinafanana: "Fundi, hewa haitoshi, njoo utupandishie presha." Anayepiga anaweza kuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao Mafinga, wa kiwanda cha chai Mufindi, au wa karakana ya Iyunga hapa Mbeya. Mara nyingi nikifika nakuta mtu ameshaipandisha, hewa bado haitoshi, na kompresa, yaani mashine inayokandamiza hewa ya kuendeshea mitambo, inachemka. Nimeona niandike kwa kirefu kwa nini ile namba ya kwenye kontrola (kifaa kinachoiongoza kompresa) si ya kuguswa kwanza, na ukilazimika kuigusa uiguse vipi.

Kompresa ya skrubu (inayokandamiza hewa kwa skrubu zinazozunguka) yenye mota ya spidi moja inaendeshwa na namba mbili: presha ya kulodi na presha ya kuanlodi. Tuseme 6.5 na 7.5 bar (bar ni kipimo cha presha). Hewa ikishuka hadi 6.5, vali ya kuingizia hewa inafunguka na mashine inaanza kusukuma. Ikifika 7.5 vali inafunga, mota inaendelea kuzunguka tu bila kuzalisha. Mzunguko huo una gharama yake: mota isiyozalisha chochote bado hula kama robo hadi theluthi ya umeme wake wa kawaida. Presha isiposhuka kwa muda uliosetiwa, kontrola inaizima. Mashine yenye inveta (kifaa cha kubadilisha spidi ya mota) ina presha moja lengwa, na mota huongeza au kupunguza mwendo kuifuata.

Sasa kuna jambo ambalo maelekezo ya mashine hulitaja kwa mstari mmoja, na kwetu ndilo kubwa: mwinuko. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotuzunguka ina mgandamizo wa kama 0.82 bar, wakati Dar es Salaam ni kama 1.01. Kompresa inavuta ujazo uleule kwa kila mzunguko popote ilipo, lakini ndani ya ujazo huo, huku kwetu, hewa yenyewe imepungua kwa karibu asilimia 19. Baridi yetu inarudisha asilimia chache, basi. Geji nayo haikuambii habari hiyo, kwa sababu inapima tofauti kati ya presha ya ndani ya bomba na ya nje. Silinda yenye bar 6 kwenye geji inasukuma kwa nguvu ileile Mbeya na Dar. Maana yake mashine za kiwanda zinadai karibu hewa ileile kwa uzito, na kompresa inaleta pungufu. Aliyenunua kompresa kwa hesabu za pwani ataliona pengo hilo siku kiwanda kitakapofanya kazi kwa ukamilifu.

Hapo ndipo kontrola inapoonewa. Mtu anaona geji inashuka hadi 6, anasema ngoja niweke 8.5. Lakini mwinuko umemnyima hewa, haujamnyima presha, na kupandisha presha hakuleti hewa ya ziada hata kidogo. Kunaiongezea mashine kazi. Ili geji isome 7, kompresa ya Dar inakandamiza hewa kama mara 7.9. Ya Mbeya inaikandamiza mara 9.5. Ukiipeleka 8 huku kwetu unavuka mara 10.7. Kadiri uwiano huo unavyopanda ndivyo joto la hewa na mafuta linavyopanda, na mota nayo, ambayo kwa kawaida viwango vyake huhesabiwa hadi mita 1,000 tu, inapozwa na hewa nyepesi. Umeme ukishuka volti jioni, ampea zinapanda, kinga ya mota inakata, na simu inapigwa tena.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kwenye presha tunazotumia viwandani, kila bar 1 unayoongeza inakula kama asilimia 6 au 7 ya umeme zaidi. Tundu la kuvuja nalo halikai kimya: ukitoka 7 kwenda 8, linatoa hewa zaidi ya asilimia 12 juu ya ilivyokuwa. Tundu moja la milimita 3 kwenye bar 7 linapoteza kama lita 10 za hewa kwa sekunde, na kuizalisha hewa hiyo kunataka zaidi ya kilowati 3, usiku na mchana. Viwanda vya mbao ndivyo vinavyoniumiza zaidi kwa hili. Vumbi la mbao linaingia kwenye viungio, hosi zinaburutwa sakafuni, na kelele za misumeno zinafunika mlio wa hewa inayovuja. Pita jioni baada ya mashine kuzimwa, utasikia mwenyewe.

Kipimo cha uvujaji hakihitaji kifaa. Zima mashine zote zinazotumia hewa, acha kompresa ya spidi moja iendelee, na ushike saa. Andika inakaa lodi sekunde ngapi na anlodi sekunde ngapi, kwa mizunguko kadhaa. Gawanya muda wa lodi kwa jumla ya lodi na anlodi: jibu ndilo fungu la uwezo wa kompresa linaloishia hewani. Likiwa sehemu moja ya tano au zaidi, funga kontrola, chukua povu la sabuni, nenda kwenye mabomba.

Halafu pima presha inapopotelea. Namba ya kwenye skrini ni ya sensa iliyo ndani ya kompresa. Kati ya hapo na mashine ya mwisho kuna draya (kikausha hewa), kuna filta, kuna bomba ambalo lilitosha kiwanda kilipokuwa nusu ya kilivyo leo, na kuna hosi nyembamba ya mwisho. Filta iliyoziba inaweza kumeza nusu bar peke yake. Funga geji kwenye mashine inayolalamika, uisome saa ya kazi nyingi, mashine ikiwa inafanya kazi. Geji ya bomba lililotulia haina la kukuambia. Ukikuta kompresa inasoma 7.2 na mwisho wa laini kuna 5.4, kosa liko njiani. Kama kompresa yenyewe haifiki presha ya kuanlodi mchana kutwa, imezidiwa na matumizi, na dawa ni kuziba uvujaji, kupunguza matumizi au kuongeza kompresa. Pale ambapo matumizi huja kwa mikupuo mifupi, tangi la ziada karibu na mashine hiyo linasaidia sana.

Baada ya yote hayo, sasa tuingie kwenye kontrola. Kwanza soma kibao cha mashine uone presha yake ya juu, na kibao cha tangi. Andika seti zote zilizopo kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Nimeshakuta mashine ambazo hakuna aliyekumbuka zilikuwa zimesetiwaje. Kisha tafuta mashine moja inayodai presha kubwa kuliko zote, na uhesabu kurudi nyuma: inataka 5.5, njiani zinapotea 0.6, basi presha ya kulodi isiwe chini ya 6.1. Ongeza kidogo kwa usalama, na presha ya kuanlodi iwe juu yake kwa 0.7 hadi 1 bar. Ukizisogeza namba hizo mbili karibu mno, mashine italodi na kuanlodi kila mara, na vali ya kuingizia hewa ndiyo itakayolipa. Kwa mashine ya inveta, lengwa moja karibu na kiasi hicho linatosha.

Mpangilio wa kubadilisha una maana. Ukishusha, anza na ya kulodi kisha ya kuanlodi. Ukipandisha, anza na ya kuanlodi. Ukigeuza utaratibu, kontrola nyingi zitakataa namba yako kwa sababu pengo limekuwa dogo mno, na watu hudhani nywila imekosewa. Shusha 0.2 bar tu kwa mara moja, kisha acha kiwanda kifanye kazi zamu nzima, pamoja na ile saa ngumu. Wakikaa kimya waendeshaji wote, shusha tena. Akilalamika mmoja, rudi hatua moja na ukaangalie laini yake.

Usishuke bila kikomo. Ndani ya kompresa ya skrubu kuna vali ya presha ya chini, kwa kawaida karibu na bar 4, inayolinda mzunguko wa mafuta. Ukikaribia hapo hewa inapita kwa kasi kwenye kichujio kinachotenganisha mafuta na hewa, na kubeba mafuta kwenda kwenye laini. Draya nayo inapungukiwa uwezo presha ikishuka, na Juni na Julai, usiku wa Mafinga ukikaribia nyuzi sifuri, maji yatajikusanya kwenye bomba la nje. Kwa kiwanda cha chakula au chai hilo halivumiliki.

Upande wa juu kuna kitu kimoja nisichokubali mtu akiguse: valvu ya usalama. Kama inalia, presha ya kuanlodi iko juu mno au valvu imechoka. Shusha ya kwanza, badilisha ya pili. Kuikaza au kuiziba ni kuweka bomu kwenye chumba ambamo watu wanafanya kazi. Presha yako ya kuanlodi iachane na ya valvu kwa nafasi ya kutosha, walau asilimia 10. Tangi la hewa ni chombo cha presha, na wakaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) wana haki ya kuliangalia; mkionesha karatasi zenu kazi inakuwa fupi.

Wenye kompresa mbili, zipangeni kwa ngazi: ya kwanza 6.3 hadi 7.0, ya pili 6.0 hadi 6.7. Ya pili itaamka pale tu ya kwanza inapozidiwa. Zikiwa na namba zilezile zinalodi pamoja na kuanlodi pamoja, na mnalipa umeme wa mota mbili kwa hewa ya moja na nusu.

Kwa ndugu zangu wa matairi barabara ya TANZAM, hesabu ni nyingine. Tairi la lori linataka kama bar 8, kwa hiyo kompresa ya pistoni isishuke chini ya hapo. Kwenye swichi yake ya presha, kata umeme kwanza, kisha fungua kifuniko. Aina nyingi zina nati kubwa ya springi inayopandisha au kushusha presha ya kukata na kuwaka kwa pamoja, na ndogo inayorekebisha pengo kati yake. Zungusha kidogo, rudisha kifuniko, washa, na usimame hapo hadi tangi lijae na swichi ikate yenyewe. Kisha fungulia hewa taratibu uone inawaka tena kwa presha gani.