Pesa Umeiona Wapi?

Jumatano usiku, saa nne kasoro, simu inaita. Ni mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, binti yake anacheza ngoma za Kiairishi hapa Dublin. "Dada, gauni limenunuliwa! Pesa imeshaingia, kesho asubuhi nalipeleka posta." Nikamuuliza ninachowauliza wote: pesa umeiona wapi? "Kwenye imeili. PayPal wameniandikia." Nikamwambia asiguse sanduku, afungue akaunti yenyewe ya PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni. Kimya. Kisha: "Mbona hamna kitu?"

Huyu ni wa nne mwaka huu, na sasa nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu huku nimeshika sindano mdomoni.

Mimi ni fundi wa nguo, si mwanasheria wala mtu wa benki. Napunguza na kuongeza magauni ya solo, yale ya kuchezea peke yako jukwaani, nabandika vito vilivyodondoka, na nawauzia wazazi magauni yaliyowabana watoto wao. Gauni jipya la mshonaji mwenye jina linapita yuro 2,000 bila taabu, na mtoto wa miaka kumi na miwili akirefuka hulivaa misimu miwili, basi. Kwa hiyo mtumba wa solo ni biashara ya kweli, na matapeli walishainusa zamani.

Tatizo letu sisi tuliokulia na M-Pesa ni kwamba tumezoea kuuhesabu ujumbe kuwa ndiyo pesa. Simu ikitetemeka, umelipwa, toa mzigo. Ila hata Mombasa mwenye duka aliyewahi kulizwa hatazami tena ujumbe alioonyeshwa na mteja, anaangalia salio lake. Na hata likionekana kwenye salio, aliyetuma anaweza kukimbilia namba 456 ya Safaricom kuomba arudishiwe. Haya tunayajua. Sijui kwa nini tukifika Ulaya tunayasahau, kana kwamba imeili ya Kizungu haiwezi kusema uongo.

Sasa ile imeili. Huwa inasema pesa imepokelewa lakini imezuiliwa, utaipata ukishaweka namba ya kufuatilia kifurushi. Wajuaji watakwambia, "PayPal hawazuii pesa kamwe, ukiona hivyo ni wizi." Si kweli, na ushauri huo unawaponza watu. PayPal huzuia pesa kweli, hasa kwa muuzaji mgeni, na kuweka namba ya kifurushi kunaweza kuharakisha kuachiwa kwake. Tapeli ameiba utaratibu halisi, ndiyo maana uongo wake unafanana na ukweli. Tofauti ni moja: pesa iliyozuiliwa kweli inaonekana ndani ya akaunti yako, na jina la aliyelipa, kiasi, na anwani ya kutuma. Usibonyeze kiungo cha kwenye imeili. Fungua programu mwenyewe, kwa kidole chako. Kama muamala haumo humo, haupo popote.

Kuna linaloniudhi kuliko hilo: wauzaji wanaong'ang'ania walipwe kwa njia ya PayPal ya "marafiki na familia" wakidhani mnunuzi akishalipa hivyo hana pa kushtaki. Kwanza ni kuvunja masharti, maana njia ile si ya kuuzia bidhaa. Pili, ni kweli mnunuzi anapoteza kinga yake, lakini wewe huipati. Kama kadi iliyolipa iliibwa, mwenye kadi ataamka siku moja, atalalamika, na pesa itavutwa kutoka kwako, gauni likiwa limeshavuka bahari. Umemnyima mnunuzi mwema usalama, na mwizi hukumpunguzia chochote.

Ukilipwa kwa njia ya bidhaa una kinga kiasi, na hiyo kiasi ndiyo watu hawaisomi. Mnunuzi ana siku 180 za kufungua dai. Akisema kifurushi hakijafika, na wewe ulikituma kwenye anwani iliyo kwenye muamala na una saini ya mpokeaji, unasimama vizuri. Akikuomba "nitumie kwa dada yangu, anwani ni nyingine," kinga imeyeyuka, hata kama huyo dada yupo kweli. Akija kulichukua mwenyewe nyumbani kwako, huna risiti ya posta, na akigeuka kesho akasema hakulipata utajitetea na nini? Anayekuja mlangoni alipe taslimu, au atume kutoka benki mkiwa mmesimama hapo hapo, uone salio limepanda.

Na akidai kwamba gauni si kama lilivyoelezwa, ile kinga ya muuzaji haikuhusu kabisa. Hapo ndipo nilipopigwa mimi.

Mwaka juzi niliuza gauni la zambarau, sketi ya paneli ngumu, kola ya juu. Mnunuzi alilipata Alhamisi, na Oireachtas, yale mashindano makubwa ya ngoma ya mkoa wao, ilikuwa wikiendi ile ile. Jumatatu likaja dai: vito vingi havipo, anataka pesa yake. Liliporudi nililigeuza ndani nje mezani. Kwenye bitana nyeupe ya kola kulikuwa na mstari wa hudhurungi wa ile rangi wanayojipaka wachezaji, na kiunoni matundu mawili ya pini, pale namba ya mchezaji inapokaa. Alilivaa, akacheza, akalirudisha. Ningethibitisha vipi? Picha zangu zote zilikuwa za mbali, gauni limening'inia mlangoni likimetameta kama kanga mpya. Hakuna hata moja ya kola ndani. Nilirudisha pesa, nikaifua kola ile kwa pamba na subira jioni mbili.

Tangu siku ile sitoi gauni bila video ya mfululizo, isiyokatwa. Naanza na karatasi yenye jina langu na tarehe, ambayo pia inamwonyesha mnunuzi kwamba gauni liko mkononi mwangu na si picha niliyoiba. Kisha makwapa, bitana, zipu ikipanda na kushuka, kila paneli ya sketi, na kila mahali kito kimedondoka nakigusa kwa kidole nikihesabu kwa sauti. Vinne bega la kushoto, kimoja mkono wa kulia. Mnunuzi asikie mwenyewe. Tena usiandike "Swarovski" kwa kuwa tu vinang'aa. Hiyo ni kampuni ya vito vya kioo, na tangu iache kuwauzia mafundi wadogo vito vya rejareja, magauni mengi yamechanganyika, ya zamani na ya kiwanda kingine kwenye kola moja. Kama huna risiti ya mshonaji, andika "vito". Ukiandika Swarovski, neno hilo moja ndilo mnunuzi mkorofi atalishika.

Vipimo pia. Umri si kipimo! "Litamfaa mtoto wa miaka kumi" haina maana yoyote. Toa kifua, kiuno, nyonga, bega hadi kiuno, mkono, urefu wa sketi, na sema mshono una nafasi ya kiasi gani ndani ya kuongezea. Ukiweka namba hizo, asilimia kubwa ya ugomvi inakufa kabla ya kuzaliwa. (Asilimia ngapi? Ya kifundi hiyo, msinibane.)

Siku hizi nafunga pia utepe wenye namba kwenye kichuma cha zipu, ukikatwa nalihesabu limevaliwa. Wanunuzi wengine huona nimewaita wezi, na ninawaelewa. Tena ukweli ni kwamba mtoto mwembamba anaweza kuingia bila zipu kufunguliwa hadi chini. Basi, unanisaidia kulala.

Napenda kulipwa kwa uhamisho wa benki, IBAN kwa IBAN, yaani namba ya akaunti hadi namba ya akaunti, maana pesa hiyo ikishatua si rahisi kuvutwa bila ridhaa yangu. Jina la akaunti iliyotuma lazima liwe la mtu ninayezungumza naye. Akilipa "mjomba" nisiyemjua, nairudisha kule kule ilikotoka. Lakini nikiwa mimi mnunuzi, ningemtumia mgeni yuro 1,500 kwa njia hiyo? Hata siku moja. Njia inayonilinda mimi inamwacha yeye uchi, na inayomlinda yeye inaniacha mimi. Nimelizungusha jambo hili miaka na sina jibu safi. Ninachofanya ni kupiga simu ya video, tuonane sura, nimwonyeshe gauni, yeye anionyeshe mtoto anayecheza. Matapeli wengi hapo hukumbwa na ubovu wa kamera.

Mtoto ndiye niliyepaswa kuanza naye. Msiweke picha ya binti yenu amevaa gauni na namba ya feis, yaani ya mashindano, kiunoni. Matokeo hutoka mtandaoni, namba, jina na shule. Mtu akiipata namba na tarehe amempata mtoto, wikiendi hadi wikiendi. Kata sura, funika namba, au livike sanamu la fundi. Nimeona picha za hivyo juzi tu, na mzazi ananiambia "lakini gauni linapendeza likivaliwa." Najua linapendeza.

Posta, haraka haraka. Usikunje paneli, zilaze tambarare na karatasi laini katikati. Soma kikomo cha bima kabla ya kulipia, si baada. Kutoka Uingereza kuja Ireland kuna forodha tangu Januari 2021, na Marekani tangu tarehe 29 Agosti 2025 wameondoa ule msamaha wa ushuru kwa mizigo ya chini ya dola 800. Mwandikie mnunuzi mapema nani analipa, la sivyo atakikataa kifurushi na kitakurudia na bili yako.

Yule mama gauni lake liko kwangu, kijani na dhahabu, limening'inia nyuma ya cherehani. Nilimwambia amwombe "mnunuzi" simu ya video. Huyo "mnunuzi" hajajibu hilo. Ila ameandika mara tatu tangu Alhamisi kuulizia namba ya kifurushi.