Mkono wa pole: cha kupeleka msibani na siku ya kukipeleka

Kazi yangu ni kusimamia jiko na daftari la rambirambi kwenye misiba ya Dar es Salaam. Swali linalonifikia kila mara ni moja: nipeleke nini? Kabla ya kujibu huuliza kwanza, unakwenda lini? Kilo 10 za mchele zikifika siku ya kwanza zinaokoa mlo wa watu 70. Zikifika siku ya tatu zinaongezwa juu ya mifuko iliyokwisha rundikana stoo. Zikifika wiki ya tatu, turubai limeshafunguliwa na wageni wamerudi kwao, zinamlisha mama na watoto wake watano karibu wiki mbili kwa mlo mmoja wa siku.

Saa za mwanzo, nyumba haina njaa ya chakula kizito. Inakosa maji, chai, mwanga na mahali pa kukalia. Ukiwahi kufika, beba sukari, majani ya chai na mikate. Kilo 1 ya sukari hutosha vikombe 80 hivi, na gramu 250 za majani hutoa zaidi ya vikombe 100 vya chai ya rangi. Ongeza kiberiti, chumvi, sabuni ya mche, dodoki na tishu, maana hivi ndivyo vinavyoisha usiku wa manane, duka limefungwa. Kuna zawadi nyingine ambayo watu wachache huikumbuka: umeme. Taa za nje huwaka mpaka alfajiri, na uniti za LUKU zilizokuwa za wiki mbili huisha kwa siku tatu. Mwombe jirani namba ya mita, nunua uniti ukiwa kwako, kisha mtumie jirani huyo tokeni aiingize. Usimtumie mfiwa, simu yake haishikiki siku hiyo.

Maji nayo yahesabu mapema. Watu 100 wanaoshinda juani wanahitaji lita 150 za kunywa, kabla hujagusa ya udhu, ya kupikia na ya kuoshea vyombo. Kama mtaa una mgao, boza moja la maji linalojaza simtanki lina faida kuliko katoni 20 za soda. Isitoshe, wazee wengi wanaokaa mkekani wana sukari na presha, na soda haiwafai.

Kwa chakula, vipimo vyangu ni hivi. Kilo 1 ya mchele hutosha watu 7 hadi 8 kukiwa na mboga, kwa hiyo watu 100 ni kilo 13 hadi 15. Maharage makavu kilo 1 hutosha watu 10 hadi 12. Yaloweke usiku kucha, la sivyo gunia la mkaa litateketea na maharage bado magumu. Ukipeleka chakula kilichopikwa, epuka nazi kama hakitaliwa saa ile ile. Wali wa nazi ulioivishwa saa nne asubuhi na kufunikwa kwenye beseni huwa umechacha kufikia jioni, hasa joto la Desemba hadi Machi. Makande, maharage yasiyo na nazi, viazi vya kuchemsha na mihogo huvumilia zaidi. Mbuzi mzima ni heshima kubwa, lakini akifika bila mchinjaji, bila kisu na bila mtu wa kumchuna, umewaongezea kazi wafiwa. Mlete akiwa ameshachinjwa na kukatwakatwa, na uhakikishe jiko limejua tangu jana yake.

Afadhali zaidi pika kwako au kwa jirani, kisha kipelekwe kikiwa tayari. Huo ndio msingi wa zamani. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliposikia Jaafar bin Abi Talib ameuawa katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, aliagiza watu waipikie familia ya Jaafar, kwa kuwa lilikuwa limewafika la kuwashughulisha. Agizo liliwaendea waliokuwa nje ya msiba. Siku hizi utamkuta mjane anaitwa jikoni kuulizwa funguo ya kabati la vyombo. Hilo linaniuma. Kama una sufuria kubwa, sahani na vikombe, viazime kwao, na uvibandikie jina lako kwa plasta chini ya kitako ili pasiwe na mtu wa kumuuliza mfiwa cha nani ni kipi. Kitu usichotaka kirudi, peleka kwenye ndoo ya plastiki na useme ibaki.

Sasa fedha. Rambirambi zinazoandikwa kwenye daftari la kamati huingia mfuko mmoja, na mfuko huo hulipa jeneza au sanda, usafiri wa mwili, chakula na turubai. Hayo ni matumizi halali. Ila usidhani elfu hamsini uliyotoa pale mezani imemfikia mjane, maana mara nyingi haibaki kitu. Ukitaka imfikie yeye, gawa mkono wako mara mbili: sehemu daftarini siku ya mazishi, na sehemu iliyobaki mkononi mwake baada ya kuanua tanga. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea, na uandike majina yako kamili, maana namba tupu huandikwa “msamaria”, halafu familia inabaki haijui imshukuru nani. Kamwe usitume kwenye namba ya marehemu, hata kama unajua simu yake anayo mtoto wake. Benki nayo ikishapata taarifa ya kifo huzuia akaunti mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe. Familia inaweza kuwa na fedha benki na ikakosa nauli. Miezi hiyo ndiyo noti mkononi zinapofanya kazi kuliko wakati wowote.

Hapo ndipo pana pengo ninalotamani watu walizibe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 4 anapofiwa na mwenzi, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Kwa hiyo kufikia siku ya tano hata ndugu wa damu wamesharudi kazini, na mjane amebaki na foleni: cheti cha kifo RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha familia, Mahakama ya Mwanzo, mwajiri wa marehemu, mfuko wa pensheni. Zawadi nzuri ya wiki ya pili ni bahasha ya nauli, nakala za vyeti zilizokwisha thibitishwa, faili la kuzitunzia, na wewe mwenyewe kwenda naye siku ya kwanza. Kwa watoto, angalia tarehe ya kufungua shule. Ada inayolipwa moja kwa moja shuleni, sare inayomtosha na madaftari humfanya mtoto arudi darasani pamoja na wenzake. Bibi au babu wa nyumba hiyo mwangalie dawa zake. Vidonge vya presha husahaulika sana siku za msiba, na pakiti huwa imeisha pasipo mtu kuona.

Kifo cha kichanga, au mtoto aliyezaliwa amekufa, kinahitaji uangalifu wa pekee. Mazishi huwa mafupi, pengine hata turubai halifungwi, na watu hudhani hakuna cha kupeleka. Lakini huyo mama amejifungua. Maziwa hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5, mtoto awepo asiwepo, na maumivu yake ni makali. Mpelekee sidiria inayoshika vizuri bila kubana, na vitambaa safi vya kulowesha maji baridi na kuweka kifuani. Shangazi akitaka kumfunga kifua kwa khanga na kukaza, mzuie kwa upole, maana kukaza huko huongeza maumivu na kunaweza kuziba mirija ya maziwa. Akamue kidogo tu apate nafuu. Akikamua mpaka yaishe, mwili utatengeneza mengine. Titi likiwa jekundu na moto, na homa ikapanda, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mpelekee pia pedi kubwa, pakiti tatu au nne, kwa sababu damu huweza kuendelea wiki 4 hadi 6, na mtori au supu kama mzazi mwingine yeyote. Nguo za mtoto zilizokuwa zimeandaliwa usiziguse mpaka mama mwenyewe aombe ziondolewe.

Mwisho, khanga. Ni zawadi ya msiba tangu zamani, na hutumika hata kuweka stara wakati wa kuosha maiti. Soma jina lake kabla hujalipa. Duka likiwa na haraka utauziwa doti yenye kijembe cha mapenzi au cha jirani mbaya, na itasomwa na kila mwanamke aliyeketi mkekani. Chagua jina lenye dua au subira.

Mjane wa Kiislamu aliye kwenye eda hajipambi wala hajitii manukato. Kwa hiyo marashi, udi, hina na nguo za kung'aa usimpelekee kwa wakati huo. Eda ni miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo, takriban siku 128 tangu siku ya kifo. Akiwa na mimba, ni mpaka ajifungue. Iandike tarehe hiyo kwenye simu yako siku ile ile ya mazishi. Siku akitoka eda, mpelekee doti mpya yenye rangi anayoipenda, na ile chupa ya marashi uliyokuwa umeizuia.