Futi nane na nusu, namba 4, vipande vitano: fimbo ya faiba isiyopatikana dukani

Waulize wavuvi wa nzi bandia wanaopenda fimbo za faiba, yaani za nyuzi za glasi, ni fimbo gani wanayoitafuta bila kuipata, na majibu yatazunguka pale pale: ndefu, ya mshipi mwepesi, inayokatika vipande vya kuingia kwenye begi la mgongoni. Kwa vipimo, futi 8 na nusu, mshipi namba 4 (namba ni kipimo cha uzito wa mshipi), vipande vitano. Fupi zipo tele. Futi 7 namba 3, futi 7 na nusu namba 4, futi 8 namba 5, vyote hivi Redington wametengeneza, Orvis wametengeneza, Epic wa New Zealand wametengeneza, na mafundi wadogo wa Marekani na Japani wanaendelea navyo. Ongeza urefu bila kupandisha namba ya mshipi, ndipo rafu zinapokauka.

Anayeihitaji ni mtu wa mto wa mlimani. Chukua mto Gura, kule milima ya Aberdare nchini Kenya, ambako mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alipandikiza samaki aina ya trauti mwaka 1905, au mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Kingo ni za mwinuko, maji yana kasi, na unataka kuinua mshipi juu ya mkondo ili nzi aelee bila kuburutwa. Urefu unasaidia. Tena unapanda kwa miguu, kwa hiyo fimbo ya vipande viwili inakuwa mti wa kunasa kila kichaka. Na trauti wenyewe mara nyingi ni wadogo, wa kiganja na nusu, ambao kwenye fimbo ngumu ya kaboni hawasikiki kabisa.

Watu hudhani watengenezaji ni wavivu. Si hivyo, tatizo liko kwenye uzito wa glasi. Uzi wa glasi wa kawaida, ule wa aina ya E, una ukakamavu wa takriban gigapaskali 72. Aina ya S ni kama 86. Uzi wa kaboni wa kawaida unafika 230. Halafu glasi ni nzito: gramu 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kaboni 1.8. Kwa hiyo ukitaka ugumu uleule unaongeza glasi, na glasi hiyo ina uzito wake wa kubebwa.

Kwenye fimbo fupi hilo halisumbui. Lakini chukua ufito, yaani fimbo tupu isiyo na pete wala mpini, wa unene mmoja, uushike upande mmoja, kisha uurefushe kutoka futi 7 hadi 8 na nusu: kuinama kwake kwa uzito wake wenyewe kunapanda mara mbili na zaidi kidogo, maana kunafuata urefu kwa kipeo cha nne. Nguvu ya mkono inayotakiwa kuuzungusha inapanda karibu mara 1.8. Na mtikisiko wake unapungua kasi kwa theluthi moja hivi. Hiyo ndiyo fimbo wavuvi wanayoilalamikia kwamba "imelala": unasimamisha mkono, ncha inaendelea kucheza, na mshipi unatoka na mawimbi.

Fundi ana njia moja nzuri ya kutoroka, nayo, kwa kuwa ufito ni bomba lenye tundu ndani, ni kupanua bomba na kupunguza unene wa ukuta. Ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10 na kuuacha ukuta ulivyo, ugumu unapanda kwa asilimia 33 huku uzito ukiongezeka kwa 10 tu. Fimbo za faiba za siku hizi zimekuwa nyepesi kuliko za zamani kwa sababu hiyo, pamoja na glasi ya S. Mpaka wake ni kwamba bomba pana lenye ukuta mwembamba likipinda hubonyea, duara linakuwa yai, kisha linapasuka kwa urefu. Dawa ni nyuzi zinazokwenda mzunguko, si za urefu tu, na hizo nazo zina uzito. Hapo fundi anabaki anapima kwa kijiko.

Kisha kuna pesa. Ufito hutengenezwa kwa kuzungushia kitambaa chenye resini kwenye mandreli, yaani chuma kilichochongoka, kukibana kwa utepe wa plastiki, kukioka kwenye tanuri, kisha kuchomoa chuma. Fimbo ya vipande vitano ina maungio manne, na kila ungio ni sehemu isiyopinda sawasawa na nyingine. Mchongoko uliopangwa kwa vipande viwili hauwi sawa ukiukata vitano. Inabidi upangwe upya, na mandreli nyingine zichongwe. Kwa fimbo itakayonunuliwa na watu wachache, hesabu haitoki.

Wala si ndoto tupu. Kampuni ya Scott ilipoanza San Francisco mwaka 1974, ilijijengea jina kwa fimbo za faiba za vipande vitano zenye viungo vya ndani, yaani kijiti kinachoingia ndani ya vipande viwili, kwa ajili ya wapanda milima wa Sierra Nevada. Miaka hiyohiyo Fenwick ilileta fimbo za kaboni, soko likahama lote, na faiba ikabaki ya fimbo za bei ya chini kwa muda mrefu.

Kwa hiyo unaikaribia kwa mikono yako. Njia ninayoipendekeza ni kutafuta fimbo ya zamani ya faiba ya vipande viwili, futi 8 hadi 8 na nusu, na kuigeuza iwe ya vipande vinne. Vitano vinawezekana, lakini kila kiungo unachokiongeza kinaondoa ule mpindo laini ulioununulia faiba. Kwangu vinne vinatosha.

Kabla ya kulipa, ikague. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi. Kikinasa, mshipi umeshachimba mfereji na pete hiyo ni ya kutupwa. Ikunje taratibu kwenye mwanga ukitafuta mstari mweupe unaozunguka ufito: hapo nyuzi zimeanza kuachana na resini na hapatibiki. Tazama mdomo wa kiungo, ufa wa urefu huanzia hapo. Na usiamini namba iliyoandikwa juu ya mpini. Ipime.

Kipimo cha William Hanneman, kinachopima nguvu ya fimbo kwa uzito, kinatosha. Funga mpini kwenye jiliwa, fimbo ikiwa mlalo, weka alama ukutani mahali ncha ilipo. Ning'iniza mfuko mdogo wa plastiki kwenye ncha, uujaze hadi ncha ishuke theluthi moja ya urefu wa fimbo. Kwa futi 8 na nusu hiyo ni sentimita 86. Yeye alijaza kwa sarafu za senti moja za Marekani, za gramu 2.5 kila moja, lakini misumari na mizani ya jikoni vinafanya kazi hiyohiyo. Fanya vivyo hivyo kwa fimbo ambayo unajua inaubeba vizuri mshipi namba 4, na ulinganishe gramu. Hapo hapo pima pembe ambayo ncha imeinama kutoka mlalo. Chini ya digrii 59 ni fimbo ya polepole, juu ya 66 ni ya haraka. Faiba ndefu ikiwa chini sana ya 59, iache, hata kama rangi yake inakuvutia.

Sasa kukata. Ondoa pete zote na mpini, kwa sababu kijiti cha kuungia kitaingilia chini. Chora mstari wa penseli ulionyooka kwa urefu wote wa kila kipande kabla ya msumeno kugusa kitu. Kila ufito una upande mmoja mgumu zaidi, na mstari huo ndio utakaorudisha nusu mbili kwenye mkao wake. Usikate katikati kamili. Kipande cha chini kitabeba kijiti kinachochomoza, kwa hiyo toa urefu wa kijiti kwanza, kisha gawa kwa mbili. Kipande cha sentimita 130 chenye kijiti cha 5 kinakatwa 62.5 chini na 67.5 juu, na vikiwa ndani ya mfuko vinalingana. Zungushia tepu ya karatasi mahali pa kukata, tumia msumeno wa chuma wa meno 32 kwa inchi, zungusha ufito huku ukikata badala ya kushuka moja kwa moja. Vaa barakoa na piga msasa kukiwa na maji. Vumbi la glasi halina mzaha.

Kijiti kinatoka kwenye fimbo nyingine ya faiba iliyovunjika, ambayo unene wake wa nje unakaribia tundu la ufito wako. Kwa ncha, ambako tundu ni la milimita mbili au tatu, tumia kijiti kizima cha faiba kisicho na tundu. Kina kinachoingia kila upande kiwe mara tano hadi sita ya kipenyo cha nje cha ufito mahali pale: ufito wa milimita 9 unataka kama sentimita 5, wa milimita 4.5 unatosheka na 2.5. Kiingize kupitia upande mpana wa kipande cha chini, ncha yake nyembamba ikitangulia, ukisukume juu hadi kikwame na kuchomoza kiasi unachotaka. Kikikwama mapema, msasa; kikipita na kutoka nje, ni chembamba, tafuta kingine. Gundi haijazi pengo hilo.

Mwisho wa kijiti uliofichwa ndani ya kipande cha chini uchonge uwe mwembamba kwa sentimita moja ya mwisho. Wengi wanaruka hatua hii, na fimbo zao zinavunjika palepale: ugumu unakoma ghafla, mpindo wote unajikusanya kwenye ukingo huo, baada ya msimu mmoja unaona ule mstari mweupe. Kosa la pili ni kujaribu kiungo kabla ya kufunga uzi. Mdomo wa kipande cha juu ukiusukuma juu ya kijiti ukiwa mtupu, unapasuka kama muwa. Funga uzi milimita 15 hadi 20 kwenye midomo yote miwili, paka epoksi, acha ikauke, ndipo ujaribu.

Gundi iwe epoksi ya saa 24. Ile ya dakika tano inalegea fimbo ikisahauliwa ndani ya gari juani. Kwaruza kwa msasa namba 220, futa kwa spiriti, paka, ingiza, futa inayotoka. Ikishakauka, punguza sehemu inayochomoza kwa msasa namba 600 wenye maji, mara mbili tatu tu, jaribu, rudia. Vipande vikikaa vizuri, kati ya midomo miwili ibaki nafasi ya milimita 6 hadi 10. Nafasi hiyo si ufundi mbovu: kiungo kinalika mwaka hadi mwaka, na midomo ikigusana kitaanza kucheza na huna pa kusogea. Tikisa fimbo karibu na sikio. Ukisikia "tik", msasa bado, au umezidisha. Paka nta ya mshumaa, kidogo.

Pete ni mahali ambapo faiba ndefu huuawa bila mtu kujua. Kanuni ya kawaida ni idadi ya futi ukiongeza moja, kwa hiyo hapa tisa, mbali na ya ncha. Kuanzia katikati kwenda juu weka za mguu mmoja, nyembamba kadiri unavyopata, na mkono mmoja mwepesi wa epoksi juu ya uzi. Mikono mitatu ya epoksi inang'aa vizuri kwenye picha, na kila tone lake liko mwisho wa wenzo wa futi 8.

Mshipi nao ukaguliwe. Kwa kipimo cha AFTMA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani, namba 4 ni grani 120, yaani gramu 7.8, kwa futi 30 za mwanzo. Namba 5 ni 140. Mishipi mingi inayouzwa leo kama namba 4 imezidishwa nusu namba au zaidi kwa ajili ya fimbo ngumu za kaboni. Ukiivika faiba ndefu mshipi huo, unairudisha kwenye usingizi uliohangaika kuuondoa. Kata ubishi: pima futi 30 kwenye mizani ya jikoni. Mshipi uliochongoka sawa pande zote mbili ndio ninaouona unafaa zaidi, hasa kwa kuviringisha mrusho pasipo na nafasi nyuma.

Fimbo nyingine inayoombwa sana ni kinyume cha hii: futi 7 na nusu, namba 10, ya boti, kwa kolekole wa pwani. Hiyo haina kikwazo cha kifizikia hata kidogo. Ufupi unaifaa glasi, na glasi inavumilia kugongwa kwenye ukingo wa boti kuliko kaboni. Ni soko tu halijashawishika. Anayetaka kuijenga asianze na ufito wa nzi. Achukue ufito wa faiba wa kuvulia baharini kwa rili ya kawaida, aupime kwa mfuko uleule wa misumari, na akate ncha sentimita mbili mbili, akipima upya kila mara, maana ncha iliyokatwa hairudi.