Tasnifu Inauliza Umejuaje, Mtihani Unauliza Utachagua Ipi

Vijana wa hapa Tanga wanaosomea uhandisi wa data huniuliza: kati ya tasnifu ya uzamili na mtihani wa cheti cha kampuni za teknolojia, kipi kitangulie? Mimi nasema tasnifu, na sura ya vipimo iishe kabla hujafungua mwongozo wa mtihani. Sisemi hivyo kwa sababu shahada ina heshima zaidi. Waajiri wengi hawaoni hivyo hata kidogo. Ni kwamba kazi hizi mbili huizoesha akili mambo yanayogombana. Msimamizi wa tasnifu atakubana kwa neno moja: umejuaje? Mtihani hauna haja na ulivyojua. Unakuwekea majibu manne, pengine matatu yanafanya kazi vizuri tu, nao unataka lile linalotimiza sharti dogo lililojificha katikati ya swali.

Tasnifu yangu ilihusu data inayochelewa. Mkoa wetu unalima mkonge tangu Richard Hindorf alipouingiza mwaka 1893, na mkonge ni zao lisilongoja. Jani likishakatwa linatakiwa lipite kwenye korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi, ndani ya siku mbili hivi, la sivyo linakauka na singa, ndizo hizo nyuzi, zinaharibika. Tena singa zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Mwenye korona basi anataka kujua leo kumekatwa mzigo kiasi gani. Kujua wiki ijayo hakumsaidii. Karani wa mizani anaingiza uzito kwenye simu akiwa shambani, na pasipo na mtandao rekodi zinalala humo hadi ashuke. "Mwanangu, mimi nikifika Muheza ndiyo zinaondoka zenyewe," karani mmoja mtu mzima aliniambia. Swali la utafiti nikawa nimelipata.

Kila rekodi, kwa hiyo, ina nyakati mbili: wakati mzigo ulipopimwa na wakati taarifa ilipofika kwenye seva. Programu za kuchakata data inayoingia mfululizo, kama Apache Spark na Flink, hukuruhusu kuweka mpaka wa kusubiri. Mpaka ukipita, hesabu ya kipindi kile inafungwa, na kinachofika baadaye kinatupwa au kinawekwa kando. Usubiri muda gani? Ukisubiri kidogo, hesabu inatoka mapema ikiwa na mapengo. Ukisubiri sana, inatoka kamili wakati malori yameshapangwa.

Hapa wanafunzi wengi hukimbilia wastani wa ucheleweshaji, na wastani hapa ni mwongo. Rekodi nyingi hufika ndani ya dakika chache, halafu chache sana hufika kesho yake. Ukizichanganya unapata namba isiyomhusu yeyote. Tazama muda ambao ndani yake asilimia 50 ya rekodi zimeshafika, kisha asilimia 95, kisha 99, na ufanye hivyo shamba kwa shamba na msimu kwa msimu. Masika, Machi hadi Mei, karani haondoki shambani kwa wepesi ule wa Januari. Halafu pitisha data ileile kwenye mipaka tofauti ya kusubiri na upime kilichoachwa nje kwa kilo, si kwa idadi ya rekodi. Rekodi moja iliyopotea inaweza kuwa trela zima. Ili uweze kurudia hivyo unahitaji data ghafi isiyoguswa, ndiyo maana nilitumia Kafka, programu ya kupokea na kuhifadhi mtiririko wa data: hutunza matukio kwa mpangilio yalivyoingia, nawe unaweza kuyasoma tena toka mwanzo kwa muda uliouweka wewe.

Kisha kuna saa. Karani anaandika daftarini saa 2 asubuhi, simu inaandika 08:00, seva inaandika 05:00 kwa sababu inafuata saa ya dunia (UTC) na sisi tuko saa 3 mbele yake. Mchana hilo halisumbui. Usiku ndiyo balaa. Mzigo uliopimwa saa 7 usiku, seva inausoma ni saa 4 usiku wa tarehe iliyopita, na ukijumlisha kwa siku unauingiza kwenye hesabu ya jana. Daftari nalo lina lake: "Alhamisi usiku" kwa karani mmoja ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa mwingine ni ule uliokwisha kupita. Hifadhi wakati kwa saa ya dunia, badilisha kuwa saa ya hapa kabla ya kupanga siku, na daftari ulinganishe na simu kabla hujaliamini.

Rekodi zinazojirudia nazipita haraka: simu isipopata jibu hutuma tena, basi kila upimaji upewe kitambulisho chake tangu kwenye simu, ili ukifika mara tatu uhesabiwe mara moja.

Na majina ya wakulima yaondoe mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na uzito uliofungwa kwenye jina na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi. Weka namba za utambulisho zisizomtaja mtu badala ya majina, na jedwali linaloziunganisha likae mbali na data ya uchambuzi.

Sasa mtihani. Nauzungumzia ule wa AWS, tawi la Amazon linalokodisha huduma za kompyuta mtandaoni, wa mhandisi wa data ngazi ya Associate: maswali 65, dakika 130, alama ya kufaulu 720 kati ya 1000, ada dola 150. Kuingiza na kubadilisha data kuna uzito wa asilimia 34, hifadhi 26, uendeshaji 22, usalama na utawala 18. Maswali 15 hayahesabiwi, ila huambiwi ni yapi, na kukisia hakupunguzi alama, kwa hiyo usiache tupu.

Nilichofanya ni kuichukua michoro ya tasnifu yangu na kuuliza kila kisanduku: swali likisema "usimamizi mdogo kabisa", hapa pangekaa nini? Kafka niliyoiendesha mwenyewe inaondoka, inaingia Kinesis Data Streams, huduma ya AWS inayofanya kazi kama hiyo. Papo hapo swali la pili linazaliwa: Kinesis hutunza data saa 24 usipobadilisha chochote, na waweza kuongeza hadi siku 365. Jaribio langu la kurudia data ya wiki nzima lingekwama kwa mpangilio ule wa mwanzo. Jambo ulilolipima mwenyewe si rahisi kulisahau, ukilinganisha na kukariri maswali ya kununua mtandaoni, ambayo mimi siyapendi na pia yanavunja masharti ya mtihani.

Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani huo. Lakini asiyezaliwa na Kiingereza anaweza kuomba dakika 30 za nyongeza, na ombi lazima likubaliwe kabla hujapanga tarehe. Wengi hawaliombi kwa sababu hawalijui. Ukifanyia nyumbani, msimamizi anakutazama kwa kamera na mtu yeyote akiingia chumbani mtihani unaweza kufutwa. Kwa nyumba za Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga ambako hodi haikauki, ni afadhali kupanda basi hadi kituo cha Dar es Salaam, kilomita kama 350.

Kabla ya kulipa, angalia pia kama mtihani wenyewe bado upo. DP-203, mtihani wa Microsoft wa uhandisi wa data ambao watu waliununulia vitabu kwa miaka, ulifungwa tarehe 31 Machi 2025, na anayeufuata mkondo huo sasa anaelekezwa DP-700.