Kioo kuwa cheusi ghafla haimaanishi kadi imekufa

Watu wengi wakiona kompyuta imeganda katikati ya gemu, kioo kinakuwa cheusi alafu mashine inajiwasha upya, wanakimbilia kusema kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye kioo) imeungua, nunua nyingine. Jamani tulieni kwanza! Shida inaweza kuwa draiva tu, yaani ile programu inayofanya Windows na kadi zielewane.

Iko hivi, tangu Windows Vista kuna kitu kinaitwa TDR (Timeout Detection and Recovery), yaani kadi ikikaa sekunde 2 hivi bila kujibu Windows inairestati draiva, ndio maana kioo kinazima kidogo alafu kinarudi, na ikishindikana ndio unapata ile skrini ya bluu yenye VIDEO_TDR_FAILURE, na ukiona imetaja nvlddmkm.sys ujue hiyo ni draiva ya NVIDIA, moja ya kampuni za kadi za grafiki.

Wengine nao wanasema weka tu draiva mpya yataisha. Si lazima! Kama shida imeanza baada ya kuapdeti, ingia Device Manager (sehemu ya Windows yenye orodha ya vifaa vya kompyuta) urudishe draiva ya zamani. Ikigoma, zima intaneti (Windows Update isije ikakuwekea nyingine kimyakimya), ingia Safe Mode (Windows inawaka na vitu vya msingi tu), futa draiva yote kwa DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva za kadi), alafu weka ile uliyodownlodi mapema kutoka kwa mtengenezaji wa kadi.

Ila kweli kuna wakati ni kadi. Ukiona chenga au mistari ya rangi toka unawasha, kabla hata Windows haijafunguka, hapo usiilaumu draiva maana bado haijaanza kazi, kagua kebo na kadi yenyewe.